Chuo cha Mapishi cha Mwalimu Elkana

Kisauni, 3 Machi 1946

Kwa Mjomba Gershom,

Shikamoo Mjomba. Natumai barua hii itakukuta salama huko Nairobi, wewe na jiko lako la garimoshi. Sisi huku hatujambo, ila mama kifua bado kinamsumbua kidogo.

Mjomba, ile nafasi uliyonitafutia ya kuosha sahani kwenye behewa la chakula, nashukuru sana, lakini siji. Nimeingia Chuo cha Mapishi cha Mwalimu Elkana, Changamwe. Ni miezi mitatu tu, na ukimaliza unapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Hoteli mpya ya Wazungu kule Nyali inatafuta wapishi, nami nataka niingie nikiwa mpishi, si mwosha masufuria. Niombee.

Mpwa wako,
Lewa

Nairobi, 14 Machi 1946

Mpwa wangu Lewa,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Mpe mama yako pole, anywe maji moto ya tangawizi. Nisalimie na mwanangu Charo na mama yake hapo Kisauni.

Sasa hilo la chuo. Nimepika miaka kumi na tisa na sijapata kumsikia huyo Elkana. Alipika wapi? Nani alimpa ruhusa ya kufundisha? Muhuri hata mimi naweza kuchongesha kwa fundi! Wa kuulizwa si yeye, ni wale wanaopokea hicho cheti. Nenda hoteli tatu, bisha mlango wa nyuma, mwulize mpishi mkuu: mtu akija na karatasi ya Elkana, mnamchukua? Na unitajie mwanafunzi mmoja, mmoja tu, aliyetoka hapo akapata kazi.

Mjomba wako,
Gershom

Changamwe, 2 Aprili 1946

Shikamoo Mjomba. Mimi sijambo, na mama amepata nafuu.

Barua yako imeniuma. Hoteli sikwenda. Nitamchunguzaje mwalimu wangu kama mwizi? Au roho inakuuma kwa kuwa wewe huna cheti? Nisamehe, lakini ndivyo ninavyoshuku.

Huku tunajifunza kwa vitendo. Alfajiri tunakanda unga wa mahamri, tunachemsha mbaazi, na watu wa bandarini wanakuja kula papo hapo chuoni, hata sahani mia kwa siku. Zamu yangu ni vyombo na viazi. Nyama nitafundishwa mwezi wa mwisho. Hata vipande vyetu, vile vitambulisho vya kuandikiwa kazi, Mwalimu ametufungia kabatini visipotee. Mtu mbaya angejali hivyo?

Mpwa wako,
Lewa

Nairobi, 11 Aprili 1946

Lewa,

Marahaba. Habari zangu nitakupa siku nyingine.

Wivu gani, wewe mtoto! Kilichoninyima raha ni hicho kipande. Kipande anakichukua tajiri anayekuandika kazi, na huwezi kuandikwa kwingine mpaka atie sahihi ya kukuachilia. Mwalimu kinamhusu nini? Kakichukue leo, ukisome.

Mjomba wako,
Gershom

Changamwe, 20 Juni 1946

Shikamoo Mjomba. Nimenyamaza kwa aibu, si kwa kuugua.

Nilipewa cheti, nikaenda nacho Nyali nimevaa kanzu nyeupe ya kuazima. Mpishi mkuu, Mzee Mbwana, alikigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Elkana yupi?" Nilitamani ardhi inimeze. Basi akanihurumia, akanipa samaki nimpare na kumkata mbele yake. Nilijikata kidole, lakini akasema mkono upo. "Niletee kipande, uanze chini yangu."

Mwalimu akakataa kunipa. Alipokwenda sokoni nikafungua kabati. Kumbe tangu Machi nimeandikwa mtumishi wake, mwosha vyombo, na mahali pa sahihi ya kuniachilia ni patupu! Nikiondoka hivi mimi ni mtoro, polisi watanishika. Sisi sote tisa tumeandikwa hivyo. Haki ya Mungu, nililia.

Elkana anasema atatia sahihi nikimletea mtu wa kukaa mahali pangu. Mzee Mbwana atanisubiri hadi tarehe tano Julai. Nifanye nini, Mjomba?

Mpwa wako,
Lewa

Nairobi, 27 Juni 1946

Mwanangu Lewa,

Marahaba. Pole sana. Aibu si yako, ni yake.

Usimpelekee mtu. Huyo naye ana mama yake. Mimi zamu inanibana, lakini Jumamosi tarehe sita nitashuka Mombasa, twende pamoja kwa afisa wa kazi. Elkana akamweleze ni chuo gani hicho kinachoandika wanafunzi kuwa watumishi. Nyali ikikupita, ikupite, utapika kwingine. Nisubiri.

Mjomba wako akupendaye,
Gershom

Nyali, 3 Julai 1946

Shikamoo Mjomba. Mama hajambo. Mimi nipo.

Barua yako niliipata Jumatatu. Elkana alikuwa ameshatia sahihi tangu Ijumaa. Leo ni siku yangu ya pili jikoni kwa Mzee Mbwana.

Sikumwita mtu, nakuapia. Alikuja mwenyewe nyumbani, akaona cheti changu, akaniuliza kama chuo ni kizuri. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia ndiyo, kizuri, na kesho yake nikampeleka Changamwe. Kipande chake bado kipya, amekipata mwezi uliopita. Alimpa Elkana kwa mikono miwili.

Ukishuka Jumamosi usinitafute mimi. Nenda moja kwa moja kwa Elkana ukamtoe mwanao Charo. Mama Charo hajui lolote. Alifurahi sana mwanawe kupata chuo, akachinja kuku, na mimi nilikula.

Lewa