Nukta Mbili za Nyuki wa Kasisi

Bi Honoria mpendwa,

Mimi ni msomaji wa ukurasa wako wa ushauri gazetini, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha tangu Jumanne iliyopita.

Nina miaka sabini na miwili, naishi mji mdogo hapa Shropshire, na kwa karibu miaka arobaini nimefundisha dansi za kale katika klabu yetu, zile za kupanga safu mbili zinazotazamana, na kazi yangu hasa ni kuchukua vile vitabu vidogo vya zamani ambavyo waandishi wake walibana dansi nzima ndani ya mistari minne, kwa kuwa waliona kila mtu anaijua, halafu nikae nivunje kichwa mpaka nijue watu walipita wapi na kwa mwendo gani.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita nilipata fotokopi ya ukurasa wa dansi moja iitwayo Nyuki wa Kasisi, tena fotokopi ya fotokopi, imejaa madoa kama nguo ya mpishi. Sasa lazima nikueleze kitu kimoja kuhusu vitabu hivyo, navyo ni nukta. Ukiona nukta moja baada ya hatua fulani, maana yake hatua hizo zinaisha kipande cha muziki kikipigwa mara moja, na ukiona nukta mbili maana yake zinaisha pale kipande hicho kinapokuwa kimerudiwa. Mimi niliona nukta moja na doa moja. Kwa hiyo nikawachezesha watu hatua zile mbio mbio, zikaisha mapema, na kipande kiliporudiwa wakabaki wamesimama hawana la kufanya, vipimo vinane vizima vya muziki, vitupu kabisa, nami kwa kuona aibu ya utupu huo nikavijaza mwenyewe: kila mtu amshike mwenzake mikono yote miwili, wazunguke polepole, wakitazamana. Sehemu hiyo niliitunga nikiosha vyombo.

Watu waliipenda siku ile ile, isipokuwa mmoja, ambaye nitamwita Cuthbert ingawa si jina lake, na ndiye aliyekuwa mchezaji hodari kuliko sisi sote. Alisubiri mpaka wakati wa chai, ukumbi umejaa, akaja na ile fotokopi mkononi.

"Mwalimu, hili doa si doa," akasema. "Ni nukta. Hatua hizi zilitakiwa kwenda taratibu, zijaze muziki wote. Hapa hapana tundu la kuziba."

"Cuthbert, hiyo ni mashine ya fotokopi imetema wino," nikamjibu. "Ukianza kuamini kila doa, wiki ijayo utatuchezesha mavi ya nzi."

Watu wakacheka, Bi Honoria, na mimi nilitaka wacheke. Yeye hakucheka.

"Haya, chekeni. Na huko kuzunguka mnatazamana, kumeandikwa wapi?"

"Kwenye daftari la mkono la bibi mmoja kule Ludlow. Nimeliona kwa macho yangu."

"Basi twende tukalione."

"Bibi amefariki, na wanawe wamelichoma na makaratasi mengine."

Hapakuwa na bibi wala daftari. Cuthbert akasema, "Poleni wafiwa," akavua viatu vyake vya dansi, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, akatoka. Hakurudi tena, na kwa kuwa haendeshi gari na klabu nyingine ya karibu iko mbali, nadhani hajacheza tena maishani.

Anakaa mitaa mitatu tu kutoka kwangu. Tukikutana kwa muuza nyama ananiambia mvua inakuja, nami namwambia ni kweli inakuja, basi. Mwaka jana alipasuliwa goti na sasa anatembea na mkongojo. Kila Krismasi tangu mwaka ule ananitumia kadi, daima yenye picha ya ndege mwenye kifua chekundu, ndani hamna neno ila jina lake na chini ya jina matone mawili ya wino, maana ana kalamu moja mbovu inayovuja na ni mbahili wa kununua nyingine. Mimi simtumii kadi, naona haya.

Sasa mwezi ujao klabu inatimiza miaka hamsini, na katibu wetu Prunella anatengeneza kijitabu cha dansi zetu, na Nyuki wa Kasisi ndiyo ya kwanza, maana mji huu siku hizi hakuna harusi inayoisha bila hiyo, na Prunella mwenyewe mumewe alimwomba amuoe katikati ya vipimo vyangu vinane. Jumanne alinijia kwa furaha na kompyuta yake.

"Mama, tazama! Maktaba wametutumia picha ya ukurasa wenyewe kwa ajili ya jalada. Safi, hauna hata doa moja!"

Na kweli haukuwa na doa hata moja. Ulikuwa na nukta mbili, zimekaa sambamba, ukubwa mmoja.

"Vipi, mbona umekaa?" akaniuliza. "Halafu niambie jina la yule bibi wa Ludlow, nataka kumshukuru kwenye kijitabu."

Nikamwambia nitalitafuta. Bi Honoria, nina nini cha kutafuta? Nikisema kweli nitaaibika mbele ya watu sitini siku ya sherehe yangu mwenyewe, na nitawaharibia dansi wanayoipenda, na harusi zao juu yake. Nikinyamaza hakuna atakayeumia, kwa sababu hakuna mwingine katika klabu ile anayesoma nukta, niliyebaki ni mimi tu. Hebu niambie, ni lazima kweli kuvuruga furaha ya watu wote hao kwa ajili ya nukta moja?

Mwalimu wa Dansi, Shropshire

*

Mwalimu,

Pole. Ninasema pole kwanza kwa sababu baada ya hapa sitapata nafasi tena.

Unaniuliza kuhusu nukta. Mimi dansi sizijui, mguu wangu wa kushoto na wa kulia haijawahi kuelewana, lakini barua najua kuisoma, na hii yako haihusu nukta hata kidogo. Kusoma fotokopi chafu vibaya si dhambi. Mtu yeyote angekosea. Ungemwambia Cuthbert siku ile, "Labda, ngoja tutafute nakala safi," leo usingekuwa na la kuniandikia. Wewe ulimfanya mtu achekwe kwa kusema kweli, kisha ukamzushia maiti ili anyamaze, naye akawapa pole wafiwa wasiokuwepo. Halafu unaniambia ukinyamaza hakuna atakayeumia! Ameshaumia, bibi wewe. Umeandika mwenyewe kwamba hajacheza tena, ukapita haraka kwenda kwenye goti lake.

Na usijifiche nyuma ya harusi za watu. Hakuna anayekwambia ufute vile vipimo vinane. Prunella hakuchumbiwa na karne zilizopita, alichumbiwa ndani ya kitu ulichokitunga wewe ukiwa na mikono ya povu. Umetunga jambo zuri ambalo mji mzima unalipenda, na kwa miaka thelathini na mmoja umempa sifa zake bibi asiyekuwepo. Huko nako ni kujidhulumu, ila sikuonei huruma sana, umejitakia.

Sasa sikiliza. Kwa Prunella uende baadaye, si kwanza. Mwambie hapana bibi wa Ludlow, na kwenye kijitabu aandike dansi kama ilivyo kwenye ukurasa, taratibu, na chini yake aandike ya kwako, kwa jina lako na mwaka wako. Siku ya sherehe wacheze ya kale kwanza na yako baadaye. Watu sitini watashangaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha wataanza kubishana ipi nzuri zaidi, na klabu yenu itapata uhai wa miaka hamsini mingine.

Kabla ya hayo yote uende kwa Cuthbert. Uende asubuhi, kwa miguu, ni mitaa mitatu. Usibebe keki, kwa sababu ukibeba keki mtaizungumzia keki. Beba ile picha safi ya ukurasa. Akifungua mlango umwambie hapo hapo, kabla hajakukaribisha na kabla birika halijawekwa: "Ulikuwa sahihi, na daftari nililitunga." Maneno hayo tu. Usimweleze ulikuwa na umri gani au ulikuwa umechoka kiasi gani. Akikufungia mlango, amekufungia, ni haki yake, na wewe utakuwa umesema. Akikuacha uingie, mwombe siku ya sherehe asimame mbele, yeye ndiye awatajie wachezaji kwa sauti zile hatua za kale. Kwa hilo hahitaji goti.

Ila sidhani kama atakufungia, na nitakwambia kwa nini. Umenieleza mwenyewe, kwa ufundi mkubwa, nukta mbili maana yake nini. Maana yake kipande kimerudiwa, muziki bado unaendelea. Kisha mistari michache chini yake ukanieleza kwamba kila Krismasi unapata kadi yenye jina la mtu na matone mawili ya wino. Kalamu mbovu? Miaka thelathini na mmoja, kalamu ile ile, matone mawili, pale pale chini ya jina? Mwalimu! Kazi yako ni kusoma nukta. Umeliona doa tena.

Labda anakusuta. Labda anakuita. Mimi siwezi kujua kutoka huku, kamuulize. Ninachojua ni kwamba mtu anayetaka ushindi tu hanunui stempu mara thelathini na moja.

Jambo la mwisho. Ulibadilisha jina lake, lakini katika mji wenye klabu moja na mkongojo mmoja hukumficha mtu. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na kwa sababu hiyo nimekutumia jibu hili kwa posta tangu Ijumaa ili uwahi. Kama ulienda, kunja ukurasa huu ukafungie samaki. Kama hukuenda na unalisoma hapa kwa mara ya kwanza, basi fahamu kwamba mitaa mitatu kutoka hapo ulipo naye ameshafika kwenye mstari huu, na anasikiliza mlango. Vaa koti.

Bi Honoria