Miche ya Wifi

Misunkumilo, Jumanne

Kwa nini ya kwake tu ndiyo inenepe? Mbegu za nyanya tulinunua pakiti moja na wifi yangu, tukagawana sawa.

Baridi ilipoanza niliingiza makopo yangu jikoni, karibu na mafiga, miche ipate joto. Joto imepata. Lakini jiko langu halina dirisha, na sasa imerefuka, myeupe, inaegemeana kama walevi.

Leo nimepita kwake. Kumbe yeye kila asubuhi anaitoa, anaianika juani kwenye kichanja cha vyombo, jioni anairudisha ndani. Mifupi, kijani, shina nene. Roho iliniuma mpaka nikakataa uji wake.

"Wifi, ya kwako inaendeleaje?"

"Vizuri tu. Mirefu kuliko hii."

Sikudanganya.

Aliponisindikiza akanishikisha makopo sita ya kwake. "Ongezea na haya," akasema, wala hakucheka. Maana yake alishachungulia jikoni kwangu.

Ningekataa. Sikukataa. Nimeyapanga hapa chumbani, nimeshayaangalia mara tatu.

Miche peke yake ilitosha kunitia wivu. Sasa hata roho nzuri anayo yeye!