Nilivyokimbilia wavuni

Jumamosi

Nimerudi kutoka uwanja wa tenisi, hata viatu sijavua.

Kocha alinisema tena leo. "Dada Zuhura, kuanzisha mpira kwa servi halafu kukimbilia wavuni ni mambo ya zamani. Siku hizi hata mabingwa wanabaki nyuma." Ni kweli, nawaona kwenye runinga. Ndicho kinachoniudhi.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Ukimsubiri mteja nyuma ya kaunta, anaishia kwa jirani. Unamfuata mlangoni kabla hajaamua.

Basi pointi ya mwisho, nacheza na Neema, mwenzangu wa mazoezi ambaye sijawahi kumfunga, nikapiga servi nikakimbia. Mpira ukarudi, nikaupiga kabla haujadunda. Neema alikuwa bado kasimama kule nyuma, anasubiri.

Nimemfunga.

Kocha aliokota mpira, akanirushia. "Hebu rudia, nione vizuri."