Makaburi Tisa, Dumu Moja la Maji

Baba,

Jumamosi nilikwenda kisiwani kwenu. Hakuna kilichoongezeka: hakuna gati, hakuna kisima, hakuna choo. Nilishuka maji yakiwa kiunoni, panga mkononi, dumu la maji ya kaburi kichwani, kama tulivyofanya kila Shaabani. Nimechelewa miaka miwili tangu tukuzike. Hilo ni kosa langu.

Mengine ni yako.

Miaka ile dumu nililibeba mimi kutoka nyumbani Nguvumali hadi mchangani. Hapo ulilipokea. "Ngoja hapa, mwanangu. Mwanamke haingii makaburini." Ukaingia kichakani, nami nikabaki na kaa wa ufukweni. Nilisikia panga likifyeka, sikuona linafyeka wapi. Ulirudi umelowa jasho, ukasema, "Bibi yako anakusalimu," tukala mihogo ya kukaanga, tukaondoka.

Kisha, ukiwa kitandani, ukaniambia mimi, mtoto wako wa pekee: "Kaburi la mama yangu usiliache liote majani." Nikaitikia. Maisha yangu yote naishi kwa kuuliza watu maswali, wewe sikukuuliza ni lipi.

Makaburi yapo tisa, baba. Yote ya mawe ya matumbawe, hakuna lenye jina. Nilitafuta visiki ulivyokata. Mvua na magugu vimefuta kila kitu.

Nahodha Sefu, aliyenivusha, alikuja kuniharakisha.

"Lipi?"

"Sijui."

Alicheka mpaka akachuchumaa. "Nyinyi wa magazetini mnajua nyumba ya mkubwa ina madirisha mangapi. Kaburi la bibi yako hulijui?"

"Sikuruhusiwa kuingia."

"Na leo kakuruhusu nani?"

"Aliyekataza amekufa."

Akapangusa uso. "Basi fyeka, dada. Maji yanatoka, chombo kitakwama."

Nilianzia upande wa kusini. Nilimaliza manne kabla hajaita mara ya tatu. Maji niliyagawa, kikombe kimoja kimoja, nikamwaga juu ya yote tisa. Kama bibi yumo katika yale matano niliyoyaacha, amepata maji, lakini majani bado yako juu yake, na ahadi yangu kwako haijatimia.

Nimekuombea dua, na nimekukasirikia, siku hiyo hiyo. Ulinikabidhi kitu ulichonificha. Hatua mia moja tu kutoka nilipokuwa nimekaa.

Mwakani nitaanzia kaskazini.

Mwanao,
uliyemwacha ufukweni