Mguu wa Mama Mkubwa

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mkuu amegonga kalamu kwenye kioo na mimi nilikuwa nimeshasimama kabla hajagonga mara ya pili. Ndivyo anavyotuita. Hataji jina la mtu. Chumba chake kina dirisha la kioo linalotazama meza zetu, na kalamu yake ni ya chuma. Anagonga mara mbili, anakutazama, unakwenda.

Nilidhani nimekosea barua. Kumbe ni safari! Mkaguzi wetu, tunayemwita Mzee wa Mihuri kwa kuwa hatembei bila muhuri mfukoni, amelazwa hospitali. Leseni ya kituo cha tembo waliookolewa inakwisha wiki ijayo. Lazima mtu aende akajaze fomu. Mtu huyo ni mimi — mimi ambaye hata kazini sijathibitishwa! Mwezi huu ukiisha ndipo itajulikana kama nabaki.

Mkuu amesema ni fomu tu. Maswali thelathini na mawili, ndiyo na hapana. Nikikwama nitazame ya mwaka jana.

Nyumbani wifi amecheka mpaka akaweka mwiko chini. Eti nikague tembo, mimi niliyepanda juu ya kiti juzi kwa sababu ya panya! "Akikukazia macho tu, wifi yangu, utampa na leseni ya kuendesha gari." Kaka hakucheka. Alisema nifanye nilivyoelekezwa, basi. Yeye ndiye aliyekwenda kumwomba Mkuu aniajiri. Hasemi, lakini jambo hilo linakaa nasi mezani kila tukila.

Jumanne, 4 Juni

Nimetoa faili la kituo. Funguo za makabati nimekabidhiwa mimi tangu wiki iliyopita, nimezitundika shingoni kwa kamba zisije zikapotea. Zinalia nikitembea. Wenzangu wameanza kuniita Mbuzi.

Kuna fomu sita za miaka sita. Nimezipanga mezani kwa mstari. Mwandiko mmoja, majibu yaleyale, hata hali ya hewa siku ya ukaguzi: mawingu kiasi. Miaka sita, mawingu kiasi! Idadi ya tembo: wanne. Afya: nzuri. Swali la 14, je, kuna mnyama anayefungwa mnyororo? Hapana. Hapana. Hapana. Mpaka mwisho.

Nyuma ya fomu kuna masharti kwa herufi ndogo sana. Nadhani ni mimi tu katika ofisi nzima ninayesoma nyuma ya fomu. Swali la 14 likijibiwa Ndiyo, kituo kinapewa siku tisini kurekebisha. Kisiporekebisha, leseni inafutwa, na kila mnyama anarudishwa kwa mwenye hati ya umiliki.

Nimesoma mara tatu. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua kalamu mbili nyeusi, moja ikigoma nitumie nyingine. Nimepiga pasi sketi. Usingizi wa mang'amung'amu. Niliota fomu yenye maswali mia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi. Viatu bado vina matope. Niandike yote kwa mpangilio kabla sijaanza kujidanganya.

Nilifika saa tatu asubuhi. Langoni kuna ubao mkubwa: HAPA HAKUNA MINYORORO, NI UPENDO TU. Meneja ni mwanamke mchangamfu, amevaa fulana yenye picha ya tembo anayetabasamu. Akanipa maji, akanipa kofia, akanionyesha anapokaa Mzee wa Mihuri kila mwaka. Ni barazani, kivulini, kiti chenye mto. Nikakaa. Ukiwa pale humwoni tembo hata mmoja.

Nikasema — sauti ilitoka ndogo mno — kwamba ningependa kuwaona. Akasema bila shaka, dada, bila shaka! Lakini ule uchangamfu ukapungua kidogo.

Watatu. Nilihesabu mara mbili, kana kwamba tembo ni kitu cha kukosea kuhesabu. Wa nne, mtunzaji wao akaniambia, alikufa mwaka juzi. Kwenye faili letu bado yuko hai, na afya yake ni nzuri.

Mtunzaji ni mtu mzima, mfupi, viganja vipana, maneno machache. Yule tembo mkubwa kuliko wote anamwita Mama Mkubwa. Alivuta magogo miaka ishirini kwenye kampuni ya mbao kabla ya kuletwa hapa. Sikujua kwamba tembo wana kope ndefu. Sikujua kwamba ukisimama karibu unaweza kuisikia pumzi yao tumboni mwako. Niliogopa, lakini si kama ninavyomwogopa Mkuu. Hofu ile hunifanya nitake kujificha. Hii ilinifanya nitake kuvua viatu.

Wageni walikuwa wanamwogesha. Watu kama ishirini wamo bwawani, ndoo, vicheko, simu juu. Yeye amesimama tu. Mtunzaji akaninong'oneza kwamba hiyo ni mara ya tatu anaogeshwa na saa sita haijafika. "Hebu niambie wewe uliyesoma. Tembo gani anaoga mara tano kwa siku? Hata mtoto mchanga haogeshwi hivyo." Meneja akamtazama. Mtunzaji akaokota ndoo.

Kwenye mguu wa mbele wa kushoto kuna alama, imeuzunguka mguu kama bangili, ngozi imechubuka. Nikauliza. Meneja akasema ni kovu la huko kwenye magogo, la zamani. Nikaandika: kovu la zamani. Lakini juu yake kulikuwa na dawa ya zambarau iliyopakwa karibuni. Aliokolewa miaka kumi na moja iliyopita. Nani anapaka dawa kovu la miaka kumi na moja?

Halafu likatokea jambo dogo. Kifuniko cha kalamu kilianguka, nikainama kukiokota. Funguo zikachomoka ndani ya blauzi, zikagongana.

Mama Mkubwa akainua mguu. Ule wa kushoto. Akaunyoosha mbele, akauweka hewani, akangoja. Hakunitazama. Aliuacha hapo tu, kama mtu anayetoa mkono achomwe sindano.

Mtunzaji akasema haraka, "Shusha, Mama. Bado."

Bado! Hakusema hakuna. Hakusema si wewe. Alisema bado.

Meneja akacheka kwa nguvu, akaniuliza kama nataka kupigwa picha.

Nimejibu maswali thelathini. La idadi na la 14 nimeyaacha wazi.

Ijumaa, 7 Juni

Kioo kimegongwa saa mbili na dakika tano. Nikasimama.

Mkuu alitaka fomu. Nikasema — Mungu anisamehe — kwamba bado nainakili kwa mwandiko mzuri. Kisha nikasema kwamba tembo ni watatu. Sikupanga kusema, ilinitoka tu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: niandike wanne. Nikiandika watatu watauliza wa nne alikwenda wapi, na baada ya hapo watauliza sisi tulikuwa wapi. Kuhusu swali la 14, alisema kituo kile kinatembelewa na watoto wa shule. Kinafundisha upendo. Je, nataka kufunga mahali panapofundisha upendo?

Akafungua droo, akanionyesha barua. Jina langu lilikuwa juu yake. Barua ya kuthibitishwa kazini! Imeshachapwa, bado sahihi yake tu. Akasema Jumatatu tubadilishane, karatasi kwa karatasi. Akatabasamu.

Nilisema asante. Kwa nini nilisema asante?

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda tena. Nimemwambia wifi naenda kwa fundi cherehani. Nikaingia na wageni wengine, kitambaa kichwani, na funguo nikaziacha nyumbani.

Nilimwona Mama Mkubwa akiogeshwa mara ya nne na ya tano. Karibu nami alisimama baba mmoja na binti yake mdogo. Binti akauliza, tembo akichoka anamwambia nani? Baba akamwambia anyamaze atazame. Saa kumi na moja kamili kengele ikalia na wageni wakatolewa. Mimi nikabaki nyuma ya ghala la majani, kama mwizi.

Mtunzaji akaja na mnyororo begani. Hakuuvuta, hakupiga kelele. Mama Mkubwa aliusikia tu, akainua mguu mwenyewe. Mnyororo umevishwa blanketi, vipande vya blanketi kuukuu vilivyoshonwa vizuri, mshono mdogomdogo, kama nguo ya mtoto. Akaufunga polepole. Akapitisha kidole kati ya blanketi na ngozi, aone kama umebana. Kisha akasema bila kugeuka, "Toka tu, dada mkaguzi. Viatu vyako navijua."

Nikatoka. Nilitaka kulia na nilitaka kukimbia, sikufanya hata kimoja.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema uzio ni wa miti, tembo anaupita kama mtu anayepita pazia. Mwaka wa kwanza Mama Mkubwa alitoka, akaingia mashambani kwa watu, akarudi na risasi sikioni. Bado imo. Basi, anafungwa jioni, anafunguliwa alfajiri. Mtunzaji ameomba uzio wa chuma kila mwaka, na kila mwaka anaahidiwa. Kimejengwa nini? Bwawa la pili. Maegesho ya magari.

Blanketi anashona mkewe.

Nikamwambia nikiandika Ndiyo watalazimika kujenga uzio. Akasema, "Au hawatajenga." Na hati ya Mama Mkubwa bado iko kwa yule mwenye magogo, maana kituo hakikumnunua, kilimwazima tu. Mwaka jana alikuja mwenyewe, akampapasa miguu kama mtu anayekagua tairi. Akasema huyu bado ana nguvu.

"Nisiandike, basi?" nikauliza.

"Usiniulize mimi, mdogo wangu. Mimi nikifungua mdomo, kesho langoni sipiti. Na atakayekuja baada yangu atajua kumfunga bila kumuumiza?" Akampigapiga ubavuni. "Wewe ndiye mwenye kalamu. Ila ujue unayemwandikia ni huyu."

Mama Mkubwa alikuwa akiyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, hatua moja, kadiri ya mnyororo. Mtunzaji akasema hata mchana, akiwa amefunguliwa, hatua zake ni hizohizo.

Jumapili, 9 Juni

Kaka amenipigia viatu rangi kwa ajili ya kesho. Hajawahi. Vinang'aa mlangoni, siwezi kuvitazama.

Nimemwambia wifi kila kitu tukiwa tunaanua nguo. Nilidhani atacheka. Alikunja shuka, akakunja na la pili. Kisha akauliza, na huyo wa nne alikufa kwa nini?

Sikuuliza. Nilihesabu, niliandika, nilisoma mpaka nyuma ya fomu, na sikuuliza alikufa kwa nini!

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika ofisini kabla ya wote, nikapiga simu kituoni. Nikasema ni ofisi ya leseni, namhitaji mtunzaji. Wakaenda kumwita. Nilisubiri nikisikia ndoo zikigongana huko mbali.

Nikamuuliza. Wa nne alikufa kwa nini? Nikadhani simu imekatika.

"Mguu," akasema. "Chini ya mnyororo. Uliingia usaha, ukapanda hadi juu. Wakati huo sikuwa na blanketi. Sikujua, dada. Sikujua." Akakata.

Kwa hiyo yale mablanketi ndiyo maombolezo yake.

Saa mbili na robo. Fomu iko mbele yangu, shajara iko pembeni yake. Nimeandika idadi: watatu. Nimeandika: wa nne alikufa kwa jeraha la mnyororo. Swali la 14, Ndiyo. Herufi ya kwanza imekaa vibaya, lakini inasomeka. Nimeambatisha karatasi moja kuhusu uzio wa chuma na hati ya umiliki, nimeomba hati ishughulikiwe kabla siku tisini hazijaisha. Fomu haina nafasi ya karatasi ya ziada. Nimetumia pini.

Wasipojenga, nitakuwa mimi niliyemrudisha kwenye magogo. Mimi, kwa kalamu yangu mpya. Nalijua hilo. Na nikiandika Hapana, blanketi litachakaa, mtunzaji atazeeka, na mwakani atakuja mtu mwingine akae kivulini kwenye mto. Natafuta jibu lisilomuumiza na silioni. Naona tu lipi ni la kweli.

Mkuu ameingia. Ameweka barua yangu juu ya meza yake, upande huu, niione. Anachukua kalamu.

Amegonga. Mara mbili.

Funguo zimelia kifuani — nilikuwa nimeshaanza kuinuka, miguu yenyewe tu, bila mimi! Nimekaa tena. Wenzangu wameacha kuchapa. Wananitazama. Wino wa Ndiyo haujakauka vizuri, naupulizia.

Amegonga tena.

Bado.