Diski Uliyoitundika Juu ya Mafiga

Baba Kemi,

Salamu utazipata mwishoni, nikishapoa. Kwanza nijibu: nani alikutuma uiweke diski ya studio kwenye dari la jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za maharage?

Tangu tukuzike hapa kibanjani nimehangaika studio yetu isifungwe. Watu wa Ihanda wameendelea kuja, huyu picha ya kitambulisho, yule harusi. Kisha vuli ikaja na radi zake. Moja ikapita kwenye nyaya hadi ndani ya kompyuta, chumba kizima kikanuka kuungua. Harusi ulizorekodi, vipaimara, mazishi, hata kazi ambazo wenyewe hawajazichukua, zote zikaenda. Wateja wakaanza kujaa mlangoni wamenuna. Mimi sikutishika sana, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukijigamba, "Mama Kemi, nakala ninayo, nimeitunza kama mbegu."

Nilidhani ni maneno tu. Kumbe! Nimeikuta imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, nyeusi kwa masizi, plastiki imejikunja kwa joto. Fundi wa Kayanga aliifungua, akanitazama, akauliza, "Mama, hii mlikuwa mnaikausha?" Nilitamani ardhi ipasuke. Moshi unafukuza wadudu kwenye maharage, baba. Kwenye diski ulifukuza mdudu gani?

Harusi za watu ni za watu. Mimi nilikuwa naililia rekodi ya kipaimara cha Kemi, ile unayosikika nyuma ya kamera ukisema, "Kemi, geukia kwa baba." Sauti yako nyingine sina. Nililia palepale kwa fundi, huku nimekukasirikia.

Basi ikaja kazi ya kuamua nakala mpya tutaziweka wapi, na kila mtu akawa mtaalamu. Mdogo wako anataka flashi, eti zinakaa mfukoni. Yeye huyo anayetafuta funguo za pikipiki kila asubuhi! Kemi anataka kila kitu kipandishwe mtandaoni. Nikamwambia, kwa mtandao wetu huu, bibi harusi atajifungua kabla harusi yake haijamaliza kupanda. Fundi akasema ninunue diski mbili. Mdogo wako akadakia kwamba zikae kabati moja, ili radi izikute pamoja, nadhani.

Nikawaacha na mabishano yao, nikaenda kuchambua maharage ya kupanda. Ndipo nilipokumbuka ule msimu mbegu zetu zilipoharibika, tukaenda Kibingo kwa dada yako kuomba zile tulizompa wenyewe. Mbegu haziishii darini, Baba Kemi. Nyingine tunampa ndugu aliye mbali. Wewe ulishika habari ya moshi, hiyo nyingine ukaisahau.

Lakini rekodi zenyewe ulizigawa. Uligawa mpaka nikakugombeza! Nikaomba itangazwe kanisani: mwenye chochote kutoka studio yetu akilete tukinakili. Wamekuja kwa bodaboda, wamekuja kwa miguu, na flashi, na simu zilizopasuka vioo. Mama mmoja akatoka Mabira na CD ameifunga kwenye kitenge. Mwanawe alipata kipaimara siku moja na Kemi. "Baba Kemi alinipa hivihivi," akasema, "akaniambia niitunze tu."

Tukaiweka kwenye kompyuta aliyotuazima fundi. Kanisa likatokea, watoto wamejipanga, kisha wewe: "Kemi, geukia kwa baba." Nikashika kinywa. Na hukuishia hapo, maana lini uliwahi kuishia hapo? Ukaongeza, kwa ukali wako uleule: "Mama Kemi, sogea, unaniziba!"

Nilisogea, mume wangu. Wateja wananiangalia, mimi huyo nimesogea.

Sasa nakuahidi. Diski moja itabaki studio. Ya pili itakaa Kibingo kwa dada yako, na kila nikienda kumsalimia nitaongeza kazi mpya. Zile nzito moyoni Kemi atazipandisha mtandaoni pole pole, na yako ameanza nayo. Jikoni yamebaki maharage peke yake.

Haya, salamu zako hizi hapa, nimepoa kidogo. Pumzika. Jioni nakuja kupalilia hapo ulipolala, na nitasimama pembeni, nisikuzibe.

Mama Kemi