Gari Lisilomtosha Shemeji Yako

Nyumbani,
Jumapili alasiri

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa nautangazia ukoo wetu wote, wa karibu na wa mbali, kwamba buti halitakuwepo. Nazungumzia lile buti ambalo kila mmoja wenu alikuwa ameshalipangia mizigo siku nikinunua gari langu mwenyewe: magodoro ya shangazi, mabati ya kaka mkubwa, na majora ya vitambaa vya duka lako. Gari nimenunua. Lina viti viwili, na nyuma yake pana nafasi ya mwavuli na mkoba, mkoba wenyewe uwe mtupu. Msichangishane, marehemu hakuwahi kuzaliwa.

Baada ya tangazo hilo, hujambo mdogo wangu? Baba watoto hajambo, na ule mgongo wake umeacha kumnunia akiinama? Duka linakwendaje? Binti yako nasikia amebadilisha kazi tena. Mwambie mama yake mkubwa anamsalimu na anamwonea wivu. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako bado ni mrefu, na mimi bado nazidi kwa upande mwingine.

Barua yako nimeipata, ile uliyoniuliza kwa upole kama nina homa. Shangazi amekuandikia kwamba nimepatwa na ujana, kwamba nimeonekana ndani ya gari jekundu lisilo na paa, kitambaa kichwani, kama mcheza filamu. Ametia chumvi. Gari si jekundu, lilikuwa jekundu. Siku hizi lina rangi ya nyanya iliyosahauliwa dirishani. Paa linalo, la turubai, ila upande mmoja halifungi, ndiyo sababu ya kitambaa. Lakini umeuliza inakuwaje mwanamke wa umri wangu, mwenye sofa linalochoma wageni, achukue akiba ya sofa akanunue gari la michezo lililochakaa. Nitakujibu, kwa sababu wewe huwa hunicheki mbele za watu. Unanicheka pembeni.

Kazi yangu unaijua. Binti yako hajazaliwa, mimi nilikuwa tayari nafundisha watu kuendesha gari. Nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya mwalimu, mkono tayari kuudaka usukani, mdomo unasema taratibu, taratibu, klachi, klachi. Niliowafundisha wanaendesha malori, wanaendesha magari ya wagonjwa, mmoja yuko zimamoto. Na mimi naendaje kazini? Shemeji yako ananipeleka. Kurudi, ananifuata. Hospitali, sokoni, hata kuja kwako: yeye kwenye usukani, mimi pembeni, ndoo zake za rangi zinagongana nyuma. Hakuna aliyenikataza kuendesha. Ni kwamba kila nikigusa ufunguo, yeye kwa wema wake husema nipumzike, nimeshinda garini kutwa nzima. Nami napumzika. Nimepumzika mpaka miaka imepita, na hakuna aliyegundua, mimi mwenyewe nikiwemo.

Niligundua siku ya kikao cha walimu. Mkuu wa shule alisema kwamba kabla msimu mpya haujaanza kila mwalimu atapimwa, akiwa kwenye usukani yeye mwenyewe, na atakayeshindwa atahamia darasani kufundisha alama za barabarani kwa picha za ukutani. Walimu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yule mwalimu kijana tunayemwita Turbo akasema mtihani huo labda umwogopeshe mama wa mapokezi, ambaye hana leseni. Tulipotawanyika mkuu akanipa ufunguo, akaniomba nisogeze gari moja lililoziba lango. Mdogo wangu, nilikwenda, nikafungua mlango, nikakaa, nikafunga mkanda, nikasubiri. Nilikuwa nimekaa kiti cha abiria.

Nilipohamia upande wa pili hata tundu la ufunguo nililikosa. Nikashuka nikasema betri imekufa. Turbo akaingia, akaliwasha mara moja, akanipa pole na kuniarifu kwamba betri imefufuka.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Darasa la picha siliwezi. Nikiwa nimekaa mbele ya ukuta nitasinzia kabla ya wanafunzi. Nilihitaji mazoezi, na mahali pa kuyafanyia sikuwa napo. Kwenye gari la shule wangeniona. Kwenye gari la nyumbani yupo shemeji yako, ambaye ningemweleza shida yangu angenifundisha kwa mapenzi yote, yaani angeendesha yeye huku mimi natazama. Nikaona dawa ni moja tu, ninunue gari ambalo yeye hawezi kuliendesha.

Unamfahamu. Mtu anapaka rangi dari bila ngazi. Lakini magari ya kawaida yote yanamtosha, akijikunja kidogo. Yasiyomtosha ni yale mafupi ya viti viwili, yanayokwenda tumbo likikaribia lami, yaliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wenye kelele na pesa. Pesa sikuwa nazo, kwa hiyo nililenga yale ambayo vijana hao walishayachoka, wakawauzia wenzao, nao wakayachoka. Na kila tulipokwenda kutazama gari nilimchukua shemeji yako. Nilimwambia nahitaji jicho lake. Nilihitaji magoti yake.

Tulianzia kwa daktari mmoja wa meno. Gari lake la rangi ya fedha lilikuwa safi kama sinia, injini inanong'ona, na bei aliishusha kabla sijaomba kwa sababu alikuwa anahama. Nikamwambia shemeji yako aingie. Akaingia, akajitengeneza kidogo, akaweka mikono kwenye usukani, akasema hapo amekaa kama yuko sebuleni. Nikamwambia daktari gari lina kasoro. Akauliza kasoro gani. Nikasema lina harufu ya ganzi. Hakutuaga.

Wa pili alikuwa kinyozi, gari lake limeegeshwa nyuma ya duka, fupi mpaka bomba la moshi lilikuwa limelala chini. Shemeji yako alijaribu kuingia kwa kichwa, akajaribu kwa mguu, akajaribu kinyumenyume. Magoti yakagota kwenye dashibodi. Nilifurahi hadi kinyozi akaniuliza, "Mama, unanunua gari au unampimia mzee suti?" Basi akaliwasha. Moshi uliotoka uliwatoa nje wateja waliokuwa wamenyolewa nusu. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Nilikuwa na haraka ya kushika usukani, lakini si usukani wa gari la kusukumwa. Tukaaga.

Wiki zikawa zinakwenda na mtihani unakaribia. Nilitazama magari mengine ambayo sitaki hata kuyakumbuka, na shangazi akaanza kunitumia salamu za pole. Sikurudi nyuma. Kila jioni nilikuwa na tangazo jipya la gari mkononi, na kila jioni shemeji yako alinawa rangi mikononi akanifuata bila kuuliza.

Gari lenyewe tulilikuta kwa mpiga picha za harusi. Lilikuwa limekaa uani kwake, na kazi yake ilikuwa moja tu, maharusi kulikalia wapigwe picha. Boneti lilikuwa limebonyea katikati kwa sababu ya mabibi harusi wa miaka na miaka. Lakini safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kwenye banda hadi kwenye maua. Nililala chali nikalichungulia chini, hakuna kutu wala tone. Nikakanyaga breki, nikakanyaga klachi, nikasikiliza. Mpiga picha alisema tangu alinunue hajawahi kuulizwa habari za breki. Watu huuliza tu kama boneti halichomi. Kisha akaingia shemeji yako. Magoti yalipanda yakawa jirani na masikio, usukani ukabanwa katikati, haugeuki huku wala huku. Akanitazama kutoka humo kwa huzuni, akasema hili, mke wangu, itabidi liwe lako peke yako. Nikageuka, nikajifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.

Bei niliipigania kwa boneti, kwa matairi yaliyokauka, na kwa magoti. Nilimwonyesha mpiga picha yale magoti, nikamwambia nanunua gari ambalo mume wangu hatafaidi, na yeye ni mtu wa ndoa, anielewe. Akanielewa.

Sasa tuje kwenye alilokuandikia shangazi, kwamba nililiendesha kutoka huko hadi nyumbani kama ninateleza, na nikachagua njia ndefu ili nionje injini. Hayo nilimwambia mimi. Wewe nakuambia yaliyotokea.

Lilinizimikia langoni kwa mpiga picha, likazimika tena barabarani, likazimika tena mbele ya watu wazima wenye heshima zao. Mguu wangu ulikuwa unajua breki tu. Gari likawa linaruka kama chura. Nyuma yangu alikuwepo shemeji yako na gari letu la ndoo. Nikaanza kujisemesha kwa sauti ile ya kazini, kwa adabu, kama ninavyowasemesha wanafunzi watu wazima: taratibu mama, klachi mama, nani anakukimbiza? Ikasaidia. Ilinifikisha kwenye ule mzunguko mkubwa wa barabara nne. Kuingia niliingia. Kutoka ndiko kulikonishinda. Kila mlango wa kutokea niliukuta una mtu ndani yake. Nilizunguka mpaka muuza magazeti akaanza kunipungia mkono kama jamaa yake. Nikitazama kioo namwona shemeji yako nyuma yangu, naye anazunguka, indiketa inawaka, hapigi honi, hanipiti.

Nilipotoka nilitoka kusiko, nikajikuta kwenye maghala, siku hiyo yamefungwa, barabara tupu kabisa. Nikasimama, nikalia kidogo, nikapiga gia ya kwanza. Nikaanza tena. Tangu hapo kila siku baada ya kazi nilirudi huko. Nilirudi kinyumenyume katikati ya rundo la mbao, nilipandisha ile njia ya mwinuko ya kupakilia malori na kulisimamisha katikati na kuliondoa bila kuliachia lishuke. Walinzi walinizoea. Mmoja mwanzoni alikuwa akinisikitikia, baadaye akawa ananipigia makofi, mwishoni akaacha kunitazama, na hapo nikajua nimeiva.

Mtihani ulikuwa juzi. Mkuu alikaa kiti changu, mimi nikakaa cha mwanafunzi. Nimefaulu, mdogo wangu. Niligusa koni moja kwenye kurudi nyuma, na Turbo amenizidi alama na hataniacha nisahau. Mkuu alisema nina tabia moja tu ya kushangaza, najielekeza kwa sauti. Nikamwambia mwanafunzi wangu huyo bado mgeni.

Basi jana asubuhi nikamwambia shemeji yako kwamba leo mimi ndiye nampeleka kazini. Nilitarajia vita vya magoti. Akafungua mlango wa abiria, akapeleka mkono chini ya kiti kabla hata hajakaa, akavuta kishikio, kiti kikateleza nyuma hadi mwisho. Akaketi. Akanyoosha miguu. Akafunga mkanda.

Nilibaki nimemkodolea macho. Kiti ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mwanafunzi, kabla ya vioo, kabla ya mkanda: tengeneza kiti. Nimelisema mpaka mdomo unalisema wenyewe. Na huko kote tulikopita nikimpima mtu kwa magoti, halikunijia kichwani. Nikamuuliza kama na kiti cha dereva kinasogea. Akasema kinasogea. Nikamuuliza amejua lini. Akasema cha daktari wa meno alikivuta kwa mazoea, akauona uso wangu ulivyoanguka, na kuanzia hapo akaacha kuvigusa.

"Mbona hukusema?"

Akatazama mbele kidogo. "Ningesema, ningeendesha mimi."

Niliwasha gari. Tulipofika kwenye mzunguko akaanza kuniambia niangalie lile lori, nikamwambia abiria anyamaze, akanyamaza, na nikatokea mahali nilipotaka kutokea.

Nisalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo, na baba watoto umwambie ainame kwa magoti, si kwa mgongo. Mwisho wa mwezi tutakuja kuwaona, nami ndiye nitakayeendesha. Shangazi unaweza kumsomea barua hii, ila ile sehemu ya kulia iruke.

Ni mimi anayekupenda,
dada yako Mwalimu